Afande Okidi na Somo la Kuchora

Mwaka ule barua ilipotoka ofisi ya elimu kwamba kila shule iwe na somo la kuchora kwenye ratiba, na kwamba mkaguzi angepita kuangalia, mwalimu mkuu wetu Madam Akullo hakubabaika. Alifungua ratiba, akanyofoa kipindi changu cha hesabu cha Jumatano, akaandika hapo neno "Sanaa", kisha akaanza kutafuta mtu wa kukikalia.

Hakutafuta mbali. Shule yetu iko chini ya kilima cha Naguru, upande unaoteremkia Nakawa, na watoto wetu wengi wanatoka kota za polisi. Mzazi mmoja, askari wa kike, alimwambia kwamba baba yake anakaa naye siku hizi, amestaafu, hana la kufanya zaidi ya kupanga viatu vya wajukuu kwa ukubwa. Aliitwa Erinayo Okidi, sajini wa usalama barabarani, na kwa miaka ishirini na sita ndiye aliyekuwa mchoraji wa kikosi. Madam Akullo aliposikia neno mchoraji akaona dua yake imejibiwa. Hakuuliza mzee huyo alikuwa akichora nini.

Alikuwa akichora ajali. Gari likigongana na gari, au boda boda ikiingia chini ya lori, Okidi ndiye aliyepelekwa na futi yake ndefu ya utepe na ubao wa kuandikia. Alipima kila kitu kilipoangukia, kisha akachora barabara nzima kama anavyoiona ndege apitaye juu, ili hakimu ambaye hakuwepo ajue nani alikuwa wapi. Katika maisha yake yote hakuwahi kuchora ua.

Siku ya kwanza nilikaa nyuma ya darasa la tano nikisahihisha madaftari, maana kipindi kilikuwa changu na sikuwa na pa kwenda. Watoto walikuja na rangi za kila namna, nyingine zimekatika, nyingine wameziazima kwa dada zao. Okidi aliingia na shati lililonyooshwa, mkononi penseli moja, akasimama mbele yao kama anayesubiri kupewa taarifa.

"Wekeni rangi ndani ya mfuko," akasema. "Kaskazini iko wapi?"

Hakuna aliyejua. Mmoja akaonyesha dari.

"Kama hujui kaskazini, hujui kitu," akasema Okidi, akawatoa nje wote hamsini na wawili wakatazame jua. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kile ambacho babu yangu, mwalimu wa dini aliyejivunia asili yake ya pwani, angekisikia angeomba maji ya kunywa. Lakini kilieleweka. Waliporudi ndani kila mtoto alichora mshale wa kaskazini pembeni mwa karatasi yake, na kipindi kizima kikaisha hivyo.

Jumatano iliyofuata walichora dawati. Okidi alilipima, akachora ubaoni mstatili mmoja mrefu, akauandikia vipimo. Msichana mmoja aitwaye Abalo, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja na tabia ya kuuliza, akanyoosha mkono.

"Afande, mbona dawati halina miguu?"

"Miguu iko chini. Sisi tuko juu. Usichore kitu huoni."

"Lakini sisi hatuko juu. Tumekaa."

Okidi akafikiri. Nadhani mahakamani hawakuwahi kumuuliza hilo. "Mtu anachora, anatoka kidogo kwa mwili yake," akasema mwishowe. "Anapanda juu, anaangalia, hata yeye mwenyewe anajiona. Halafu anarudi."

Abalo aliandika maneno hayo daftarini. Nilimwona. Mimi niliendelea kusahihisha, lakini kwa mwendo wa polepole zaidi.

Baada ya mwezi, kazi ilikuwa kuchora nyumbani. Wengi wa watoto hao wanaishi katika vile vibanda vya bati vya duara ambavyo serikali iliwajengea askari zamani, na kutoka juu kibanda hicho ni duara tu. Walileta maduara arobaini, kila moja limejazwa maisha: kitanda ambacho hakikai sawa na ukuta, pazia linalotenganisha wazazi na watoto, jiko, ndoo. Vipimo vyote vilikuwepo. Mama mmoja alikuja shuleni na mchoro wa nyumba yake mkononi, uso ameukaza. Mwanawe alikuwa ameonyesha kila kitu, na nyuma ya gunia la makaa alichora duara dogo lenye maandishi: chupa ya waragi ya baba, nusu. Baba huyo alikuwa ameokoka na kuacha pombe tangu Pasaka, na ndiye aliyeongoza maombi ya jioni katika mstari wao wa vibanda.

Okidi aliutazama mchoro kwa makini. "Chupa ilikuwa hapo?"

"Ilikuwa hapo."

"Nusu?"

"Ilikuwa nusu."

"Basi mchoro iko sawa, mama."

Mama aliukunja, akautia kifuani, akaondoka. Nilisikia baadaye kwamba aliutunza vizuri sana.

Mimi ndiye niliyemwambia Okidi awafundishe watoto kuchora watu. Nilimwambia kama mwenzake, tukinywa chai. Niliona si haki mtoto amalize shule akijua kuchora mlango na dirisha lakini hajui kuchora mama yake. Okidi alisema watu ni wagumu. Watoto nao walikuwa wamechoka na mistatili. Siku moja, wakati yeye anapima lango na kundi la wavulana, wasichana walijitafutia njia. Amito, rafiki yake Abalo, alilala chali kwenye saruji ya uwanja, mikono ameitawanya, na Abalo akawa anampitishia chaki pembeni mwa mwili, akizunguka sikio, wote wanacheka.

Okidi alipogeuka, futi ilimponyoka. Sijawahi kumsikia akipaza sauti, na hata siku ile hakupaza.

"Amito, simama," akasema. Alisema mara tatu, ingawa mtoto alikwisha simama.

Aliomba ndoo ya maji. Nilitaka kumwita mtoto mmoja aifanye kazi hiyo, akakataa, akapiga magoti na suruali yake iliyopigwa pasi, akaufuta mchoro ule kwa mkono mpaka saruji ikabaki na umajimaji tu. Nilimpa kitambaa changu ajifute.

"Mwalimu, watu wote mimi nimechora, walikuwa wamelala," akaniambia bila kuniangalia. "Wengine walikuwa na yunifomu ya shule."

Sikumuuliza tena habari za watu. Yeye mwenyewe ndiye aliyezirudia. Jumatano iliyofuata aliwapanga watoto asubuhi, jua bado liko chini, mbele ya ukuta wa stoo, akawafundisha kuchora kivuli cha mwenzao kinavyoangukia ukutani. "Mtu anachorwa akiwa amesimama," akawaambia. Mpaka kengele inalia, ukuta ulikuwa na vivuli vya watoto zaidi ya ishirini, warefu, wengine wamepeana mikono, mmoja ameweka kalamu sikioni. Wapishi walitoka jikoni kutazama.

Madam Akullo aliviona mchana. Alisema mkaguzi akikuta ukuta umechafuliwa atatuandika vibaya, akaagiza upakwe chokaa. Ukapakwa. Mkaguzi alikuja Ijumaa, akauliza somo la sanaa linaendeleaje, akaonyeshwa ratiba. Aliridhika sana na ratiba.

Muhula wa pili yakatangazwa mashindano. Kampuni moja ya rangi iliwaita watoto wa shule zote za upande wetu wachore picha yenye jina "Shule Yangu Niipendayo". Zawadi ilikuwa rangi ya kutosha kupaka shule nzima. Madam Akullo aliitaka rangi hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu nimjue. Alimwita Okidi ofisini, nami nikiwepo, akamweleza picha iwe namna gani: bendera ndefu, maua, watoto wanatabasamu, na ikiwezekana yeye mwenyewe akiwa amesimama mlangoni.

"Tutachora shule, Madam," akasema Okidi. "Kama kuna ramani ya zamani nisaidie nayo, nione skeli."

Madam Akullo alifurahi kuona mtu anaifanya kazi kitaalamu. Akafungua kabati, akachambua mafaili, akampa karatasi kubwa ya rangi ya chai iliyokunjwa mara nane, ramani iliyochorwa shule ilipojengwa. Hakuifungua. Alisema tu waangalie jina la shule lilivyoandikwa kwa herufi nzuri, waliige.

Okidi aliwachagua watoto sita, Abalo akiwa mkubwa wao, na kwa siku tatu baada ya masomo walitembea uwanjani na futi. Siku ya tatu Abalo alinifuata darasani.

"Mwalimu, shule haitoshi," akasema.

Nilimuuliza haitoshi nini. Akafungua ramani ya zamani juu ya meza yangu. Upande wa mashariki, toka ukuta wa jiko hadi mpaka, ramani ilisema mita sitini na nne. Wao walipata hamsini na moja. Walipima mara tatu. Nilifurahi kidogo, nakiri, kwamba hatimaye mafunzo ya Afande yamekwama na sasa hesabu zinahitajika. Nikatoka nao, nikashika futi mwenyewe. Nikapata hamsini na moja.

Upande wa mashariki ndipo uzio wetu wa mabati ulipo, na ng'ambo ya mabati ndipo Bonny anapooshea magari. Ana tangi la maji, pampu, mabomba matatu na redio. Miaka mitano nyuma, ua wa matete ulipooza, Bonny alijitolea kuijengea shule uzio mpya wa mabati, bila sisi kutoa chochote. Tulimshukuru mbele ya wazazi. Watoto walimwimbia wimbo wa beti tatu, na aliyeuongoza wimbo huo nilikuwa mimi. Tangu siku hiyo gari la Madam Akullo halikuwahi kuonekana na tope, hata msimu ambao barabara ya Kamwokya inageuka uji. Sisemi kwamba Madam alijua. Nasema gari lilikuwa safi.

"Upande ya pili ya mabati, tupime pia," Okidi akasema.

Tulizunguka nje. Bonny alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akainuka kwa furaha. Ni mtu mwenye moyo mkunjufu, nami sitasema vingine.

"Nyabo, watoto wanachora? Mimi napenda watoto sana," akaniambia, akiniita bibi kwa Kiganda. "Leteni hiyo futi, nitashika huku. Mnichore na mimi."

Akaishika. Aliishika kwa moyo wote, akarudi nyuma mpaka kwenye jiwe la mpaka lililozama nusu katika matope ya sabuni, jiwe ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza ni la nini, na Abalo akasoma namba. Mita kumi na tatu. Hamsini na moja na kumi na tatu, hata mtoto wa darasa la pili anajua jumla yake.

Jioni ile nilimwambia Okidi tutulie kwanza. Nilisema jambo hili ni kubwa, lizungumzwe na Madam ofisini, na picha ya mashindano iishie kwenye mabati.

"Mimi sishitaki mtu," akasema Okidi. "Nachora kitu iko. Lakini mchoro si yangu. Muulize Abalo."

Nikamuuliza Abalo. Alinitazama kwa heshima.

"Mwalimu, kwenye hesabu nikipata jibu baya, huwa unaniambia nilisahihishe au nilifiche?"

Kwa Madam sikwenda. Nilijiambia ninangoja wakati mzuri, na wakati mzuri, kama kawaida yake, haukuja.

Abalo alichora kwenye karatasi kubwa ya manila, sentimita moja kwa mita mbili, penseli tupu. Shule yote ilikuwemo, vyumba tisa, jiko, stoo, vyoo, bomba linalovuja na ukubwa wa dimbwi lake. Mashariki alichora uzio, na nje ya uzio mstari wa nukta nukta kufuata ramani ya zamani. Ndani ya kipande hicho aliweka duara dogo na kuandika: Bonny, ameshika futi. Chini kabisa, kama ilivyokuwa katika fomu za Okidi alizowaonyesha, aliandika: Chanzo cha ajali, bado hakijulikani.

Madam Akullo aliuona mchoro asubuhi ya kuupeleka, gari likiwa linanguruma nje. Alisikitika. Alisema hauna rangi hata chembe. Alimwagiza Abalo aongeze jua na maua, Abalo akasema kutoka juu jua halionekani kwa sababu liko nyuma ya anayetazama. Muda ulikuwa umekwisha. Madam akachukua kalamu ya rangi ya kijani kwa mkono wake, akatafuta mahali patupu, na mahali patupu palipokuwa pakubwa ni pale mashariki, kati ya uzio na nukta. Alidhani ni bustani. Akapajaza kijani kote, kwa uangalifu, bila kuvuka mstari. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na niliona yote. Nilikohoa tu.

Maonyesho yalikuwa katika ukumbi mmoja Nakawa, michoro imebandikwa ukutani, viti vya plastiki, soda. Kampuni ilimleta msichana aitwaye Marie-Jeanne kuwa mwamuzi. Alivaa vizuri, akazungumza vizuri. Mshindi alikuwa mvulana wa shule iliyoko nyuma ya soko. Katika picha yake shule ilikuwa chini ya mlima wenye theluji, pembeni mto na bata wanne. Maji pekee yanayopita karibu na shule ile ni ya mtaro, lakini theluji ilikuwa imechorwa vizuri, siwezi kusema uongo. Marie-Jeanne alipofika kwa Abalo aliinamisha kichwa.

"Kazi safi sana," akasema. "Ila haina hisia. Msanii lazima aote ndoto."

Abalo alisema asante. Okidi alikuwa amekaa mstari wa nyuma na tai ya kikosi.

Hapo ndipo Hajji Abdulghani alipoinuka kitini. Hajji ni mwenyekiti wa kamati ya shule yetu, ana duka la vitambaa Kamwokya, na kiwanja cha shule kilitolewa na marehemu baba yake. Mambo ya picha hayampendezi. Alikuja kwa sababu jina lake liliandikwa kwenye kiti. Alikuwa anapita kuelekea kwenye soda, na kijani kikamvuta jicho. Katika ukumbi mzima uliojaa rangi, mchoro wetu ulikuwa wa penseli tupu, isipokuwa kipande kimoja. Akavaa miwani.

"Umechora wewe?" akamuuliza Abalo.

"Ndiyo, Hajji."

"Hizi nukta ni nini?"

"Ni mahali kitu kilipokuwa kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya ajali."

Hajji alisoma vipimo kwa kidole, polepole, midomo ikihesabu. Akafika kwa Bonny aliyeshika futi, akasimama hapo muda mrefu. "Na hii kijani?"

Abalo akatazama chini. "Hiyo si yangu."

Madam Akullo alikuwa amefika wakati huo, na alipoona mwenyekiti wa kamati ameganda mbele ya kazi ya shule yake, uso ukamchangamka.

"Hiyo ya kijani ni mkono wangu, Hajji," akasema. "Niliona mtoto amepaacha patupu, hapana uhai. Nikasema nitie uhai kidogo."

"Umefanya vizuri, Madam," Hajji akasema. "Bila kijani chako nisingeona."

Madam akamshukuru. Aliendelea kutabasamu mpaka Hajji alipomuuliza kama ana ramani ya zamani ya shule, na yeye akajibu kwamba anayo, iko kabatini, hata Afande ameitumia. Nadhani ni katikati ya jibu hilo ndipo alipoanza kuelewa, maana alilimaliza kwa sauti ndogo.

Baada ya wiki mbili akaja mpima ardhi na chombo chake cha miguu mitatu, mbele ya kamati na mwenyekiti wa mtaa. Alipata mita kumi na mbili na sentimita tisini. Watu wazima walimpongeza Abalo kwa kukosea kidogo namna hiyo. Yeye hakufurahi. Alikwenda na Okidi jioni hiyo kutafuta zile sentimita kumi, na wakagundua futi ilikuwa imelegea mkononi mwa Bonny.

Bonny hakubisha. Alipewa mwezi mmoja ahame, na katika kikao alisimama na kofia mkononi akasema maneno machache.

"Mimi nilijenga uzio mchana, watu wote wakiona. Hakuna mtu alisema simama. Nyinyi mliniimbia."

Wajumbe walitazama meza. Mimi nilikuwa naandika kumbukumbu za kikao, na sentensi hiyo ya mwisho sikuiandika. Baadaye, usiku, nilitoa karatasi nikaiongeza. Nilikuwa nimekaa na Afande muda mrefu mno.

Sikukuu ya kufunga mwaka, ofisa wa elimu alikuja kutoa hotuba. Alisema shule yetu ni mfano, kwamba hapa somo jipya limetumika kulinda mali ya umma, na akamwita Madam Akullo mbele. Madam alieleza jinsi yeye binafsi alivyotia rangi ya kijani sehemu iliyopotea ili iwavute macho wahusika. Neno kwa neno, hakusema uongo. Watu walipiga makofi. Kabla ya Krismasi alihamishiwa shule kubwa zaidi mjini, yenye ukumbi wake na ukuta wa mawe pande zote nne.

Aliyekuja badala yake ni Bwana Odera, mtu mwangalifu. Alisoma mafaili yote, akafika kwenye faili la sanaa, akalisoma mara mbili. Wiki ya kwanza akatoa agizo kwamba mchoro wowote wa mtoto upitishwe na ofisi kabla haujatoka langoni. Wiki ya tatu vikaletwa vitabu vyenye maua yaliyokwisha chapwa, mtoto kazi yake ni kutia rangi ndani ya mistari. Okidi aliandikiwa barua ya kumshukuru. Mpiga chapa alikosea herufi moja, kwa hiyo badala ya kushukuriwa kwa mchango wake, alishukuriwa kwa mchongo wake, na muhuri wa shule ukapigwa juu yake.

Ile ardhi kamati bado inaijadili. Wapo wanaotaka uwanja wa mpira wa pete, wapo wanaotaka vyoo. Kwa sasa walimu wenye magari wanaegesha hapo.

Mimi ndiye niliyempelekea Okidi ile barua, kota, Alhamisi jioni. Nilimkuta amekaa nje kwenye benchi, na kando yake amekaa Bonny. Nilitaka kurudi. Bonny akanisogezea nafasi.

"Nyabo, keti. Nimekuja kwa Afande, lakini hata wewe unafaa," akasema. "Nimepata kiwanja Kamwokya. Kesho kutwa nataka kumwaga simenti. Kabla sijamwaga, nataka anipimie. Na yule mtoto mkali aje."

Okidi alikuwa amefungua barua, anaisoma. Alifika kwenye lile neno, akarudi nyuma, akalisoma tena, akaikunja akaiweka mfukoni.

"Sisi hatupimi kufurahisha mtu," akamwambia Bonny.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja hapa."

"Mwenye kiwanja ana ramani?"

"Anasema iko kichwani mwake."

Okidi akanitazama, nami nikamtazama. Kisha akaingia ndani, nikamsikia akisogeza viatu vya wajukuu, akatoka na futi, akaanza kuifuta utepe wote kwa kitambaa, mita baada ya mita.

"Simenti ingoje," akasema. "Jumamosi saa tatu asubuhi. Mwambie mwenye kiwanja awepo."

Siku ya pili nilimwita Abalo mwisho wa kipindi cha hesabu, nikamweleza, nikamwambia aombe ruhusa kwa mama yake. Aliniuliza jambo moja tu, kama tunakwenda kupima kiwanja peke yake au na vya majirani pia, ili ajue achukue karatasi ya ukubwa gani.